Tumbo la Kipa Siku ya Fainali

Ninyi mtakaobeba sakoshi ya dawa ya timu baada yangu, nawaambia mapema: magoti hayatawasumbua sana. Goti lina adabu. Linavimba mbele ya watu na kila mtu analiona. Kitakachowasumbua ni tumbo. Mchezaji wa mpira atakuonyesha kidole kilichovunjika huku anacheka, lakini akiharisha atakuambia yuko sawa kabisa, na atakuambia akiwa ameshika mlango wa choo.

Nimekuwa mwuguzi wa timu moja ya mpira hapa Bukavu miaka ishirini na sita. Jina la timu naliacha, maana mashabiki wake hawasahau upesi na mimi bado nanunua mboga soko la Kadutu. Mwezi uliopita nilimkabidhi Espérance, binti mwuguzi kutoka Bagira, ile sakoshi, yaani mfuko wa dawa, kipimajoto, kipimo cha presha na filimbi ambayo mpaka leo sijui ilikuwa ya kazi gani. Akaniomba niwaandikie, yeye na wenzake, mambo ambayo shuleni hawakufundishwa. Nilianza siku hiyo hiyo, hata chai sikungoja ipoe. Sijui wengine wanastaafu namna gani. Mimi nimestaafu nikiwa na hamu ya kusema, na mwaka huu nimepata watu wa kunisikiliza.

Nilitoka kituo cha afya nikiwa na diploma mpya na viatu vipya. Aliyenipokea timuni ni papa Déo, mwuguzi wa zamani, mtu mfupi mwenye sauti ya padiri anayesoma matangazo ya jumapili. Hakunionyesha bandeji wala barafu. Aliniambia tu, "Jumamosi tunaenda Walungu. Beba maji mengi."

Nilibeba maji, lakini kwa siri nilibeba pia boksi la loperamide, zile jelule, vidonge vya ganda ambavyo watu wanaviita dawa ya kufunga tumbo. Nilijiona mjanja. Tulifika Walungu jumamosi, wenyeji wakatukaribisha kwa nyama ya mbuzi, tukalala katika madarasa ya shule. Asubuhi ya mechi wachezaji sita walikuwa wamejipanga karibu na choo kama watu wanaongoja kupiga kura. Nilifurahi. Hii ndiyo kazi, nikasema moyoni. Nikafungua boksi langu nikaanza kugawa, viwili viwili, kama karanga.

Papa Déo akatokea nyuma yangu.

"Nsimire, unafanya nini?"

"Papa, banaharisha. Niko nawapa ya kufunga."

"Umewauliza nini mbele ya kuwapa?"

"Nimewauliza kama banaharisha."

"Bamekujibu nini?"

"Ndiyo."

"Basi umewauliza kitu ambacho hata shofere anakijua."

Akapita kwa mmoja mmoja, akachukua vidonge kutoka viganjani mwao, bila kupandisha sauti. Mmoja alikuwa amekwisha kumeza vyake. Huyo alimketisha karibu yake. Kisha akaanza kuuliza. Umeona damu ao ute chooni? Uko na homa? Tumbo limevimba? Umekunywa dawa gani ingine tangu jana? Alipima joto la kila mmoja. Beki wetu wa kushoto, kijana mkubwa kama kabati, akasema kwa sauti ndogo kwamba ndiyo, damu ameiona, mara mbili. Huyo alipelekwa kituo cha afya cha Walungu na hakucheza. Watano waliobaki walipewa kwanza maji ya SRO: sashe moja ya unga wa chumvi na sukari katika litre moja ya maji safi, wanywe kidogo kidogo. Wawili tu ndio waliorudishiwa vidonge, na yule aliyemeza mwenyewe akaambiwa anywe maji na akae pale papa Déo anapomwona.

Nilikuwa na hasira, nawaambia ukweli. Nikamuuliza: kama dawa iko na inafunga, kwa nini tunainyima watu?

Papa Déo akachukua soksi ndefu ya mpira, ile inayofika gotini, akatia ndani yake chungwa. Akaibana soksi nyuma ya chungwa kwa mkono mmoja, halafu mbele kidogo kwa mwingine, na chungwa likasogea. Akabana tena, likasogea tena.

"Utumbo unafanya hivi mchana kutwa," akasema. "Unasukuma chakula polepole, na njiani unarudisha maji mwilini. Mtu akiharisha, mikono inabana mbio mbio. Maji hayapati nafasi ya kurudi, yanatoka yote." Akasukuma chungwa haraka mpaka likaruka likaanguka sakafuni. "Hii dawa inaambia mikono: polepole. Basi maji yanapata muda wa kurudi. Njo kazi yake. Haiui mikrobi hata moja."

Kisha akaokota chungwa, akalitia tena ndani ya soksi pamoja na udongo wa sakafuni, akashika soksi kwa nguvu pande zote mbili.

"Sasa mtu mwenye damu na homa. Ndani kuko ubaya unaokula ukuta wa utumbo. Mwili unataka kuutoa. Wewe unaambia mikono isimame. Ubaya unabaki wapi?"

Nilikuwa natazama soksi.

Nimewaelezea wachezaji kwa soksi na chungwa kwa miaka yote iliyofuata, na hakuna hata mmoja aliyesahau, isipokuwa wale waliokula chungwa baadaye. Kipimo cha dawa yenyewe nilikiandika siku ile ile kwenye kifuniko cha boksi. Mtu mzima anaanza na viwili. Kisha kimoja kila akitoka tena choo cha maji. Kwa siku visizidi vinne, labda daktari mwenyewe aseme vingine. Siku mbili zikipita bila nafuu, unaacha na unaenda hospitali. Na maji ya SRO hayangoji dawa. Yanakuja kwanza, kwa sababu kinachoua mtu mwenye kuharisha ni ukavu wa mwili. Tulicheza ile mechi ya Walungu tukiwa na mabeki watatu. Tulifungwa mabao manne. Papa Déo alikuwa amefurahi kama tumeshinda.

Kulikuwa na jambo moja ambalo hakunifundisha yeye. Nilifundishwa na mke wa kapteni wetu. Alikuja mbio uwanjani wakati wa mazoezi amebeba mtoto wake wa miezi nane, kwa sababu nilikuwa mwuguzi pekee aliyemjua kwa jina. Mtoto alikuwa ameharisha tangu siku iliyotangulia. Mume wake alikuwa na vidonge vyake vilivyobaki, nilivyompa mimi. Mama alikuwa amefungua jelule, akakoroga nusu ya unga katika uji, akampa. Na alipoona umesaidia, akampa nusu ya pili.

"Ameacha kuharisha, maman," akaniambia. "Lakini hataki kuamka muzuri."

Mtoto alikuwa amelegea, macho nusu wazi, tumbo limejaa kama mpira uliotiwa upepo. Tulipanda taksi kwenda hospitalini. Njia nzima nilimgusa nyayo ili alie, na kila alipolia nilishukuru. Hospitalini walimlaza siku tatu. Waliangalia anavyopumua, wakamwekea maji kwenye mshipa, na siku ya tatu alinyonya mpaka mama akasema anaumia. Alipona. Lakini tangu siku hiyo sikumpa mchezaji yeyote kidonge cha kubaki nacho. Ninampa cha kumeza mbele yangu, na ninamwambia kila mara, hata kama hana mtoto: hii si ya watoto wadogo. Mtoto ni SRO, ni zinki, ni ziwa la mama lisikatizwe, na ni kituo cha afya mapema. Wengine walicheka. Waliokuwa na watoto hawakucheka.

Sasa nije kwenye fainali, ambayo ndiyo Espérance anaitaka, maana amesikia habari zake kwa watu ambao hawakuwepo.

Papa Déo alikuwa amekwisha kupumzika. Nilikuwa peke yangu na sakoshi. Timu yetu ilikuwa imefika fainali ya jimbo kwa mara ya kwanza tangu niingie, na mji wote ulikuwa umechachamaa. Wauza samaki walikuwa wamevaa fulana zetu. Katika kanisa langu mtu aliombea timu katikati ya maombi ya wagonjwa. Mimi mwenyewe sikuweza kukaa kitako. Nilikuwa nahesabu bandeji mara tatu kwa siku bila sababu.

Kipa wetu alikuwa Mugisho, wa Mudaka, kijana mrefu mwenye mikono ya kutisha. Nusu ya safari yetu mpaka fainali tulisafiri kwenye mikono ile. Alirudi ijumaa kutoka nyumbani kwao, na katika mazoezi nilimwona anaomba ruhusa ya kwenda choo mara mbili. Nilimfuata.

"Uko muzuri?"

"Niko muzuri, maman. Ni ugali wa jana tu."

Jumamosi hakuonekana na shida yoyote, na hilo ndilo lililonidanganya. Jumapili asubuhi, siku ya mechi, tulikusanyika klabuni kwa chakula. Mugisho alikaa mbele ya sahani bila kugusa. Midomo ilikuwa imekauka, imepasuka katikati. Alipoinuka alishika meza. Nilimwita katika chumba cha dawa nikafunga mlango.

"Umekunywa dawa?"

"Kidogo."

"Gani?"

Akatoa mfukoni plaketi ya loperamide, aliyonunua kwa muuzaji wa dawa anayezunguka na ndoo. Matundu yote kumi yalikuwa wazi.

"Hii yote tangu lini?"

"Jana na leo asubuhi." Akaitazama ile plaketi. "Na ingine moja iliisha mbele ya kuanza hii."

Nikakaa chini. Hapo nilikumbuka swali la mwisho la Walungu. "Na dawa gani ingine?"

"Kinini. Juu ya homa. Nilijua ni malaria."

Hakuna aliyempima malaria. Nilimwekea kipimajoto: thelathini na tisa na nusu. Nikamlaza, nikagusa tumbo; lilikuwa gumu, limejaa, na nilipobonyeza chini upande wa kushoto alishika mkono wangu. Nikasikiliza tumbo kwa kipimo cha masikioni. Utumbo wa mtu mwenye afya unaongea wakati wote, unanguruma, unalalamika. Wake ulikuwa kimya. Na mapigo ya moyo, nilipoyahesabu mkononi, yalikuwa yanakwenda, yanaruka moja, yanakimbia, yanaruka tena.

"Mugisho, damu umeiona?"

Akageukia ukutani. "Tangu ijumaa, maman. Nilisema nikiifunga mpaka jumatatu, jumatatu nitakuambia."

Nilitoka kumwita kocha. Kocha alikuwa mtu mwema, nasema hivyo mapema ili msimchukie. Alisimama mlangoni akamtazama kipa wake, kisha akanitazama mimi.

"Maman Nsimire, dakika makumi tisa tu. Umutie sindano ya homa, umupe maji. Ye anasimama tu mu goli, hakimbie."

"Coach, moyo wake unaruka mapigo."

"Sisi wote moyo inaruka leo."

"Huyu anaenda hospitali sasa hivi. Ukitaka acheze, utamtoa mwenyewe kwenye taksi."

Akaenda kumwita raisi wa klabu. Raisi alikuja na watu wanne na akaongea nami kwa upole ambao ulinitisha kuliko kelele. Alisema mji wote unangoja. Alisema kuna wauguzi wengine. Nikamjibu kwamba ni kweli, wako, na nikaendelea kumvalisha Mugisho koti. Nilikuwa naogopa. Lakini chini ya woga kulikuwa na kitu kingine, na leo nakitaja bila haya: nilikuwa nimechangamka mwili mzima. Kila kitu nilichofundishwa kilikuwa kimesimama mbele yangu kwa mpangilio, na nilijua. Katika kazi yetu siku za kujua namna hiyo ni chache. Mtakapopata moja, msiiogope.

Mugisho alilia kwenye taksi. Alikuwa amevaa soksi na gadi za miguuni tangu alipoamka.

Hospitalini daktari mwanamke kijana alisikiliza tumbo, akasikiliza moyo, akauliza vidonge vingapi na vya nini. Nilimtajia vyote, na kinini. Akaacha kuandika. Wakamwunganisha na mashine ya moyo. Alinieleza huku anafanya kazi: hii dawa ikichukuliwa kwa kipimo inabaki kufanya kazi tumboni, lakini ikizidi sana inaingia mwilini na inaweza kuvuruga umeme wa moyo, na kinini nayo inavuruga pale pale. Moja juu ya nyingine. Na utumbo wenye maambukizo uliofungwa unaweza kuvimba mpaka upasuke. Akasema, "Angeruka mara moja kukamata mpira, sijui kama tungeongea hapa." Alimwekea maji na antibiotiki, na akakataza mtu yeyote kumpa kitu cha kufunga.

Nilikaa koridoni mpaka alasiri. Mlinzi wa hospitali alikuwa na redio ndogo, na mechi ilikuwa imeanza. Nani ataamini kwamba nilimwacha mgonjwa wangu kwa hatua tano? Lakini nilimwacha. Golini alikuwa Cirhuza, kipa wetu wa pili, ambaye mpaka siku hiyo kazi yake kubwa ilikuwa kubeba chupa. Dakika ya thelathini wapinzani wakapewa penalti. Mlinzi akafumba macho. Mtangazaji akaongea haraka mpaka sikuelewa, kisha tukasikia uwanja wa Kadutu wenyewe, si kwenye redio, ni kupitia dirishani, sauti ikipanda mlima kama mvua: Cirhuza ameikamata. Nilipiga kelele. Mtawa aliyekuwa zamu akatoka akanitazama, nikaomba msamaha, na alipoingia ndani mlinzi na mimi tukashikana mikono kama watu waliooana.

Tulifungwa dakika za mwisho kabisa, kwa kona. Moja kwa sifuri.

Niliingia kumwambia Mugisho. Mashine ilikuwa inachora mistari yake, sasa ikiwa imetulia zaidi kuliko mchana.

"Penalti, Cirhuza aliruka upande gani?" akauliza.

"Kushoto."

Akafikiri. "Nilimuambiaka kuume," akasema, akalala usingizi.

Alikaa hospitalini siku tisa. Alirudi golini baada ya wiki sita, na leo yuko Mudaka na watoto watatu na sungura wasiohesabika. Mimi nilipitishwa mbele ya kamati ya klabu. Mashabiki walinitukana sokoni karibu mwaka mzima. Mama mmoja alikataa kuniuzia mboga za lengalenga, akasema nikaombe kwa wale waliotufunga. Mugisho aliposikia alikuja mwenyewe, akasimama mbele ya meza yake amevaa jezi, akamweleza habari ya damu na moyo kwa sauti ya kusikika mpaka kwenye meza za nyama. Baada ya hapo niliuziwa, na kipimo cha mboga kiliongezwa kidogo.

Nimalizie na msimu wangu wa mwisho, uliokwisha juzi juzi tu, na mtu aliyenifurahisha kuliko kombe lolote. Anaitwa Asifiwe, winga wa kulia, na ameniruhusu kuandika haya. Siku ya mechi, saa mbili asubuhi, alikuja mwenyewe katika chumba cha dawa. Sikumwita.

"Maman, naharisha tangu alfajiri. Mara tatu. Damu hakuna, ute hakuna, niliangalia. Homa hakuna. Sijakunywa dawa yoyote. Nimeanza SRO, nimefika nusu ya litre."

Nilisimama nikiwa na kalamu mkononi. Miaka ishirini na sita, na mchezaji ananisomea majibu kabla ya maswali, kwa mpangilio, bila aibu. Nilipima joto kwa sababu ni wajibu. Alikuwa amesema kweli. Nikagusa tumbo, laini. Nikasikiliza, lilikuwa linaongea kama soko. Nikampa viwili mbele yangu, na saa nne alipotoka choo cha maji tena, kimoja. Nikamwambia kocha mpya, kocha akakubali acheze mpaka atakapoonyesha mkono.

Alicheza vizuri ajabu. Alimpita beki wao kila alipotaka. Dakika ya sabini na moja, tukiwa tunaongoza, akaonyesha mkono, na kabla namba haijainuliwa vizuri akatoka mbio, akampita kocha bila kumpa mkono, akapita benchi, akapita maji niliyomshikia, akaingia vestieri, chumba cha kubadilishia nguo, na mlango ukagonga. Uwanja mzima ukaanza kunong'ona. Kocha akanitazama, nikatazama nyasi.

Kabla jua halijazama, kundi la mashabiki kwenye WhatsApp lilikuwa limekwisha kuandika kwamba Asifiwe na kocha hawapatani, kwamba kuna ugomvi mkubwa klabuni, na kwamba kijana anataka kuhamia Goma. Asifiwe alikuwa ameketi karibu nami anakunywa litre yake ya pili, akanisomea yote kwenye simu yake, mstari kwa mstari. Aliniuliza kama tuwajibu. Nikamwambia amalize maji kwanza.